Sorbonne Ipi? Historia ya Chuo Kikuu cha Paris kwa Anayetaka Kusoma Huko

Mtoto akirudi nyumbani na barua mkononi akisema amepata nafasi Sorbonne, furaha ni haki yake na ya wazazi wake. Lakini kabla ya kuwapigia simu ndugu na jamaa, kuna swali moja la kuuliza: Sorbonne ipi? Ufaransa ina vyuo vikuu vinne vya umma vyenye neno hilo katika majina yao, na kila kimoja kina rais wake, bajeti yake, vitivo vyake na masharti yake ya udahili. Ukituma maombi katika kimoja huku somo lako linafundishwa katika kingine, hakuna atakayekuhamishia faili. Utajibiwa kwamba nafasi hakuna, na mwaka umekwisha.

Mkanganyiko huu una sababu yake, na sababu yenyewe ni historia ya miaka mia nane. Anayeifahamu historia hiyo hahitaji kumlipa wakala ili amweleze tofauti ya jina hili na lile. Ndiyo maana naianza mbali.

Umoja wa walimu na wanafunzi

Chuo Kikuu cha Paris hakina siku ya kuzaliwa, wala hakuna mfalme aliyekiwekea jiwe la msingi. Katika karne ya 12 walimu walikuwa wakifundisha kandokando ya kanisa kuu la Notre-Dame, chini ya jicho la kansela wa askofu, ambaye ndiye aliyetoa kibali cha kufundisha. Wengine walivuka mto Seine kwenda ukingo wa kushoto, wakakodi vyumba, wakafundisha huko. Polepole wakaungana, kama waashi au wafumaji wa nguo walivyoungana wakati ule kulinda kazi yao. Neno la Kilatini universitas lilimaanisha hivyo tu: umoja wa watu wenye masilahi mamoja. Majengo hayakuwamo katika maana yake. Na kwa kuwa walimu na wanafunzi waliotoka kila pembe ya Ulaya walielewana kwa Kilatini, mtaa wao hadi leo unaitwa Quartier Latin, Mtaa wa Kilatini.

Mwaka 1200 ugomvi ulizuka katika duka la mvinyo kati ya wanafunzi wa Kijerumani na wenyeji. Mkuu wa ulinzi wa jiji alikuja na watu wenye silaha, na wanafunzi kadhaa wakauawa. Mfalme Philippe Auguste aliogopa kwamba walimu wangefungasha na kuondoka, akaegemea upande wa wanafunzi. Alitoa hati iliyowaondoa chini ya mahakama za jiji na kuwaweka chini ya mahakama za Kanisa. Mwaka 1215 mjumbe wa Papa, Robert de Courçon, aliandika kanuni za kwanza za masomo: nani afundishe, akiwa na umri gani, na vitabu vipi visomwe.

Tukio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1229, wakati wa sherehe kabla ya Kwaresima, katika kitongoji cha Saint-Marcel. Kisa kilikuwa mvinyo tena, safari hii bei yake. Askari wa utawala walishambulia wanafunzi na kuua baadhi yao. Walimu walidai haki, hawakusikilizwa, wakagoma. Haukuwa mgomo wa juma moja. Waliondoka Paris kwa takriban miaka miwili: wengine wakaenda Angers na Orléans, wengine Toulouse, wengine wakavuka bahari hadi Oxford na Cambridge, kwani mfalme wa Uingereza hakukawia kuwaalika. Mwaka 1231 Papa Gregori wa Tisa alitoa hati iitwayo Parens scientiarum, akiwapa walimu uwezo wa kujitungia kanuni na haki ya kusimamisha mihadhara pale wanapodhulumiwa. Hapo ndipo chuo kilipopata nguvu ya kweli, na hakikuipata kwa fadhila. Kiliipata kwa sababu walimu walikuwa tayari kuuacha mji.

Sorbonne basi iliingia wapi? Robert de Sorbon alizaliwa katika familia ya hali ya chini kwenye kijiji cha Sorbon, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, akapanda hadi kuwa padri wa mfalme Louis wa Tisa. Alijua kwa kuishi jinsi masomo ya teolojia yanavyomtesa mtu asiye na fedha, kwa maana yalichukua miaka mingi na chumba cha kupanga Paris kilikuwa ghali hata wakati huo. Mwaka 1257 alianzisha nyumba ya kuwapa malazi, chakula na vitabu wanafunzi maskini wa teolojia. Kwa lugha ya leo tungeiita hosteli yenye maktaba. Kufikia mwaka 1290 maktaba hiyo ilikuwa na vitabu zaidi ya 1,000, vyote vimeandikwa kwa mkono, na vile vilivyohitajiwa zaidi vilifungwa kwa minyororo mezani ili visichukuliwe.

Kwa hiyo Sorbonne haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa bweni moja kati ya mabweni mengi ya Chuo Kikuu cha Paris. Lakini walimu wa teolojia walizoea kukutania humo, watu wakaanza kusema "Sorbonne imeamua" wakimaanisha kitivo kizima cha teolojia, na baadaye chuo chote. Jina la sehemu likameza jina la kitu kizima, na mkanganyiko wa leo una mzizi wake hapo.

Karne zilizofuata nitazipita upesi. Humo humo Sorbonne ndimo mtambo wa kwanza wa kupiga chapa vitabu nchini Ufaransa uliposimikwa, mwaka 1470. Kadinali Richelieu aliijenga upya katika karne ya 17, na kaburi lake limo ndani ya kanisa la chuo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda chuo kilizidi kuwa kigumu kubadilika. Mfalme François wa Kwanza alipotaka Kigiriki na Kiebrania vifundishwe, mwaka 1530 aliteua walimu wake mwenyewe nje ya chuo. Kutokana na walimu hao imekua taasisi inayoitwa leo Collège de France.

Kwa nini cheti ni cha taifa

Mapinduzi ya Ufaransa yalivifuta vyuo vikuu vya zamani, na agizo la Septemba 1793 likakimaliza kile cha Paris. Napoleon aliporudisha elimu ya juu, hakurudisha umoja wa walimu. Kwa sheria ya mwaka 1806 na agizo la mwaka 1808 aliunda shirika moja la dola kwa nchi nzima, lililoitwa Chuo Kikuu cha Kifalme, na chini yake vitivo vilivyotengana. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali, na shahada ikawa ya serikali.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu uamuzi huo wa Napoleon bado unagusa mfuko wake. Hadi leo licence, master na doctorat zinazotolewa na vyuo vikuu vya umma vya Ufaransa ni vyeti vya taifa, vinavyodhaminiwa na dola. Licence ya Paris na licence ya mji mdogo wa mkoani zina hadhi moja kisheria. Nayo sheria ya mwaka 1880 ilizizuia taasisi binafsi kujiita université au kutoa vyeti vyenye majina hayo ya dola, ingawa zipo chache, hasa za Kanisa Katoliki, zinazoendelea kutumia jina hilo kwa mazoea. Ndiyo maana shule nyingi za binafsi za Paris hutangaza "bachelor" na "mastère". Baadhi yake ni shule nzuri na zinatambuliwa na serikali, lakini mastère yenye alama juu ya e si master. Herufi chache hizo zimewagharimu vijana wengi maelfu ya euro. Vilevile chuo cha umma chenyewe kinaweza kutoa cheti chake cha ndani kinachoitwa diplôme d'université, kwa kifupi DU. Ni halali, na huenda kikamfaa mtu aliye kazini tayari, ila hakina uzito wa cheti cha taifa. Kwenye barua ya udahili tafuta maneno diplôme national. Usipoyaona, uliza kwa maandishi.

Vitivo vya Paris viliunganishwa tena kuwa chuo kikuu kwa sheria ya Julai 1896. Jengo kubwa la Sorbonne tunaloliona leo katika picha ni la wakati huo, lilijengwa kati ya mwaka 1885 na 1901 kwa michoro ya Henri-Paul Nénot. Marie Curie aliwasili kutoka Poland mwaka 1891, akapata licence ya fizikia mwaka 1893 na ya hisabati mwaka uliofuata, na mwaka 1906 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Waafrika nao waliacha alama yao. Léopold Sédar Senghor wa Senegal alisoma Paris na mwaka 1935 akafaulu agrégation ya sarufi, mtihani mgumu wa taifa wa kupata walimu. Septemba 1956 waandishi na wasanii weusi kutoka Afrika, Karibi na Marekani walifanya kongamano lao la kwanza katika ukumbi wa Descartes, ndani ya Sorbonne, kwa juhudi za Alioune Diop na jarida lake la Présence Africaine. Mwaka 1960 mwanahistoria Cheikh Anta Diop alitetea tasnifu yake ya udaktari humo humo, baada ya miaka ya kupigania hoja zake juu ya Afrika ya kale.

Chuo kimoja kinakuwa 13

Baada ya vita vikuu vya pili wanafunzi walifurika. Chuo Kikuu cha Paris kilipita wanafunzi 100,000, kikatafuta nafasi Orsay kwa ajili ya sayansi, kisha Nanterre, ambako vitivo vipya vilianza kufunguliwa mwaka 1964 karibu na mabanda ya wafanyakazi wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini. Wanafunzi wakawa wanapita matopeni kwenda darasani huku wakiutazama umaskini ana kwa ana. Nanterre ndiko machafuko yalikoanzia, Machi 1968. Tarehe 3 Mei polisi waliingia Sorbonne kuwatoa wanafunzi, jambo lililowakera hata walimu wasiopenda siasa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei mtaa wa Kilatini ulijaa vizuizi vya mawe na magari. Wanafunzi wakaliteka jengo la Sorbonne, mamilioni ya wafanyakazi wakagoma nchi nzima.

Serikali ilijibu kwa sheria ya tarehe 12 Novemba 1968, iliyosimamiwa na waziri Edgar Faure. Vitivo vya zamani vilivunjwa, vyuo vikapewa mamlaka ya kujiendesha kupitia mabaraza yaliyochaguliwa, na mwaka 1970 na 1971 Chuo Kikuu cha Paris kikagawanywa kuwa vyuo 13, Paris 1 hadi Paris 13. Mgawanyo haukufuata somo peke yake. Walimu walichagua upande kwa misimamo pia: wanasheria wengi wa mrengo wa kihafidhina walikwenda Paris 2, mtaa wa Assas, wakati wenzao waliotaka sheria ichanganywe na uchumi na sayansi za jamii waliunda Paris 1. Huko Vincennes kilianzishwa kituo cha majaribio kilichopokea hata watu wasiokuwa na cheti cha sekondari, na Michel Foucault aliongoza idara yake ya falsafa. Kituo hicho kikawa Paris 8, na mwaka 1980 kikahamishiwa Saint-Denis, kaskazini mwa jiji. Hadi leo kinajulikana kwa kupokea wanafunzi wengi wa kigeni.

Binafsi naamini kugawanya kulikuwa lazima, kwa kuwa hakuna ofisi moja ingeweza kuwahudumia watu wengi kiasi kile. Kosa lilikuwa kuviacha vyuo kadhaa vigawane jina moja bila kumweleza mgeni.

Karne hii mwelekeo umegeuka, na vyuo vinaungana ili vionekane katika orodha za kimataifa. Mwaka 2018 Paris 4, chuo cha fasihi na sayansi za jamii, na Paris 6, cha sayansi na tiba, viliungana kuwa Sorbonne Université. Paris 5 na Paris 7 viliungana, na tangu mwaka 2022 vinaitwa Université Paris Cité. Paris 11 ya Orsay ilimezwa na Université Paris-Saclay mwaka 2020. Kwa hiyo ukiona namba kwenye tangazo la zamani au kwenye wasifu wa profesa, usidhani chuo kimekufa. Kimebadili jina.

Sorbonne za umma basi ni hizi. Panthéon-Sorbonne, iliyokuwa Paris 1, ni ya sheria, uchumi, historia, falsafa na sanaa. Sorbonne Université ina fasihi, sayansi na tiba. Sorbonne Nouvelle, iliyokuwa Paris 3, ni ya lugha, fasihi, sinema, tamthilia na mawasiliano. Sorbonne Paris Nord, iliyokuwa Paris 13, iko vitongoji vya kaskazini, kama Villetaneuse na Bobigny, na inafundisha masomo ya aina nyingi. Msomaji wa Ghuba ataongeza Sorbonne Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2006 kwa makubaliano na chuo cha Paris. Vyeti vyake hutolewa na vyuo vya Ufaransa, lakini ada zake si zile za chuo cha umma. Jengo lenyewe la Sorbonne ni mali ya Jiji la Paris, na taasisi kadhaa hulitumia kwa pamoja. Unaweza kuwa mwanafunzi wa Sorbonne miaka mitatu na usiingie humo ila siku ya hafla.

Anayetaka kufanya utafiti juu ya Kiswahili asiishie kwenye jina hilo. Kiswahili kinafundishwa INALCO, taasisi ya umma ya lugha iliyo mtaa wa 13 wa Paris, ambayo asili yake ni shule iliyoanzishwa na Bunge la Mapinduzi mwaka 1795.

Miaka, ada na tarehe

Ngazi ni tatu: licence miaka mitatu, master miwili, doctorat mitatu kwa uchache. Mpangilio huu unafuata tamko lililotiwa saini ndani ya Sorbonne Mei 1998 na mawaziri wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza, wakitaka shahada za Ulaya zilingane. Msomaji wa Lubumbashi au Goma awe makini hapa. Katika mfumo wa zamani wa Kongo mtu alisoma graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Licence hiyo ya miaka mitano si sawa na ya Ufaransa ya miaka mitatu, na mwenye nayo akituma vyeti bila kuonyesha idadi ya miaka na orodha ya masomo, anaweza kurudishwa nyuma bila sababu.

Kuhusu ada, vyuo vya umma viliwatoza wote kiasi kidogo kilekile hadi mwaka 2019, serikali ilipopandisha kwa wanaotoka nje ya Ulaya: euro 2,770 kwa mwaka wa licence na 3,770 kwa master. Viwango hivyo vimeendelea kupanda kidogo kidogo. Udaktari haukuguswa, mwanafunzi wa nje hulipa sawa na Mfaransa, mamia machache ya euro. Vyuo vingi vilitumia uwezo wao kisheria wa kuwasamehe sehemu ya wanafunzi wa kigeni nyongeza hiyo, lakini msamaha huamuliwa na kila chuo na hubadilika mwaka hadi mwaka. Tafuta neno exonération kwenye tovuti ya chuo chako, au waandikie. Kuna pia mchango wa maisha ya wanafunzi uitwao CVEC, ulioanza mwaka 2018, unaozidi euro 100 kidogo. Bila risiti yake huwezi kukamilisha usajili.

Maombi mengi hupitia Campus France, shirika la umma. Nchi kadhaa zimo katika mfumo wake wa mtandaoni uitwao Études en France, na mwanafunzi wa nchi hizo analazimika kuutumia. Kwa nchi zilizo nje ya mfumo huo, maombi ya mwaka wa kwanza wa licence hupitia ubalozi wa Ufaransa, na ya master hutumwa chuoni moja kwa moja. Katika njia zote hizo wakala si lazima. Anayekuambia ana kiti cha kuuza Sorbonne anakudanganya, kwa sababu viti hivyo haviuzwi.

Masomo ya licence ni kwa Kifaransa, na vyuo kwa kawaida hudai kiwango cha B2, kinachothibitishwa kwa mitihani kama DELF au TCF. Zipo programu za Kiingereza, hasa za master katika sayansi na uchumi. Kwa kijana wa Bujumbura hili huenda si tatizo. Kwa wa Dodoma au Kisumu, ndilo jambo la kwanza. Alliance Française ipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, na kufika B2 kutoka sifuri huchukua mamia ya saa za darasa.

Mwaka wa masomo huanza Septemba, na dirisha la maombi ya mwaka wa kwanza kwa kawaida hufunguliwa Oktoba ya mwaka unaotangulia na kufungwa katikati ya Desemba. Asiyejua Kifaransa na anataka kuanza licence Paris Septemba ijayo amekwisha kuchelewa. Alenge mwaka unaofuata, na darasa la Kifaransa aanze wiki hii.